Nyuki Wasiouma na Dawa Iliyomo Mzingani Mwao

Katika nyumba moja ya mtaa wetu yuko mama mzee ambaye ameishi na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Tulipokwenda kumjulia hali baada ya sala ya Alasiri, alituonyesha kichupa kilichowekwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na asali nyepesi, inayomiminika kama maji ya ukwaju, na rangi yake ni ya kahawia iliyokoza. "Hii si ile asali ya madukani, wanangu," alituambia. "Ni ya nyuki wadogo wasiouma. Kijana wangu kaniletea, kaambiwa yaondoa sukari yote mwilini. Vile vidonge vya hospitali nimeviweka kando."

Tulimwuliza ameviweka kando tangu lini. Akahesabu kwa vidole, akasema siku tisa.

Hatukumpinga papo hapo, kwa kuwa ndani ya maneno yake mlikuwa na ukweli mwingi. Kila Muislamu aliyeisoma Surat An-Nahl anajua kwamba katika aya ya 68 na ya 69 Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametaja habari za nyuki na makao yao, na akatufahamisha kwamba katika kinywaji wanachokitoa mna ponyo kwa wanadamu. Matabibu wakubwa wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, waliiweka asali miongoni mwa dawa zao. Na katika miaka ya karibuni wanasayansi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiwachunguza nyuki hawa wadogo kwa hamu kubwa. Kwa hivyo hatukuwa na shaka kwamba mna kheri katika kichupa kile. Tulilotaka kulijua ni kheri hiyo ni ipi, inatoka wapi, na mpaka wake ni upi. Tumelifuatilia jambo hili kwa muda, na haya ndiyo tuliyoyapata kwa ajili ya jamaa zetu wanaokisoma kijarida hiki nyumbani.

Nyuki hawa ni akina nani

Wengi wetu tumewaona bila kuwatambua. Ni wale wadudu weusi wadogo, wengine wakiwa na urefu wa milimita mbili au tatu tu, ambao mchana wa jua kali huja kutuzonga usoni wakitafuta jasho na unyevu wa machoni. Aghalabu mtu huwapunga kwa mkono akidhani ni visubi. Wengine hukaa katika nyufa za kuta za nyumba za udongo na katika mashimo ya miti mikongwe, na mlango wao ni kijibomba chembamba cha nta kinachochomoza nje.

Duniani wako zaidi ya aina 500 za nyuki hawa, na wote huishi katika nchi za joto: Afrika, Asia ya Kusini Mashariki, Australia na Marekani ya Kusini na ya Kati. Mwiba wao umedumaa, hauwezi kudunga. Hapa Kenya ziko aina kadhaa. Iliyo ndogo sana huitwa na wataalamu Hypotrigona gribodoi. Iko nyingine, Plebeina, ambayo hujificha ndani ya vichuguu vya mchwa. Na katika misitu yetu ya Pwani yuko Dactylurina schmidti, ambaye hatafuti shimo la kujisitiri bali huning'iniza makao yake chini ya tawi, mahali pa wazi. Huyu hana mwiba, lakini anayemchokoza huondoka na nywele zilizojaa nyuki wanaong'ata.

Mzinga wa nyuki hawa hautoi asali nyingi. Wakati nyuki wa kawaida huweza kumpa mfugaji kilo kumi na zaidi kwa mwaka, hawa wadogo hutoa kilo chache tu, na aina zilizo ndogo kabisa hutoa chini ya hapo. Uchache huo ndio uliopandisha bei ya asali yao, na bei hiyo ndiyo inayowavuta wauzaji wa kila namna, wakweli na waongo.

Ndani ya mzinga

Ukiufungua mzinga wa nyuki hawa hutaona masega yaliyopangika ya kuwekea asali. Utaona vijungu vidogo vya mviringo vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Baadhi vimejaa asali, na vingine vimejaa chavua. Kando yake yako majana, yaani watoto wa nyuki, na pande zote zimezungukwa na kuta za rangi ya kahawia zinazonata.

Kuta hizo na vijungu hivyo ndivyo vinavyotuhusu. Nyuki wa kawaida hujenga kwa nta tupu, kisha hutumia utomvu wa miti kidogo kuziba nyufa. Nyuki wasiouma hutumia utomvu katika karibu kila wanachokijenga: huuchanganya na nta yao, na aina nyingine huongeza na udongo. Mfanyakazi huruka hadi kwenye mti uliojeruhiwa, akakata tone la utomvu, akalibeba kwa miguu yake ya nyuma na kulirudisha nyumbani. Mchanganyiko huo ndio tunaouita gundi ya nyuki, na kitaalamu hujulikana kwa jina la propolisi.

Kiumbe asiye na mwiba ana haja ya silaha nyingine, na utomvu ndio silaha yake. Humnasa siafu mlangoni, na huzuia kuvu na bakteria wasistawi ndani ya nyumba iliyojaa joto, unyevu na chakula. Huko Australia, watafiti walieleza mwaka 2010 jinsi nyuki hawa walivyomfanya mbawakawa mdogo wa mizinga, mdudu mharibifu ambaye asili yake ni Afrika: walimzunguka, wakampaka utomvu, nta na udongo mpaka akagandamana akiwa hai, asiweze kusogea wala kutaga mayai.

Sisi watu wa Pwani hatupaswi kuona ajabu kwamba utomvu una nguvu. Nyumba zetu zimefukizwa ubani tangu zama za mababu. Manemane iko katika vikapu vya wauza dawa, na sandarusi ya misitu yetu ilisafirishwa kwa majahazi na meli kwenda nchi za mbali katika karne ya 19. Ubani, manemane na sandarusi zote ni utomvu wa miti. Mti ukijeruhiwa hutoa utomvu ili ujifunge kidonda na ujilinde na vijidudu. Nyuki ameijua siri hiyo, akaichukua dawa ya mti na kuifanya kuta za nyumba yake. Asali nayo, kwa kuwa hukaa ndani ya vijungu vilivyojengwa kwa utomvu huo, hunywea sehemu ya nguvu zake kidogo kidogo.

Waliyoyapata wanasayansi

Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba gundi na asali ya nyuki wasiouma zina makundi kadhaa ya viambato vya asili. Liko kundi la fenoli na flavonoidi, ambalo husaidia kuzuia uharibifu wa chembe za mwili. Liko kundi la teripeni, ambalo ndilo linaloupa utomvu harufu yake kali. Kadhalika ziko asidi mbalimbali, na ndizo zinazoifanya asali hii iwe na ladha ya uchachu.

Katika sahani za maabara, viambato hivi vimewazuia bakteria wa aina nyingi, wakiwemo wale wanaoingia katika vidonda na kuvifanya vitunge usaha. Habari hii si ndogo kwa dunia ya leo, ambapo bakteria wengi wamejenga usugu dhidi ya dawa tulizozizoea. Dawa mpya za kuua bakteria zinatafutwa kila mahali, na utomvu wa miti, uliokwisha kuteuliwa na nyuki kwa kazi hiyo hiyo, ni mahali penye busara pa kutafutia.

Mfano mzuri umetoka Thailand. Huko nyuki wasiouma hukusanya utomvu wa mti wa matunda uitwao mangosteen. Watafiti walipoichambua gundi ya mizinga hiyo wakaikuta ina alfa-mangostini, kiambato kile kile kinachopatikana katika ganda la tunda hilo, na chenye uwezo wa kupambana na bakteria. Nchini Indonesia, gundi ya nyuki hawa imekutwa na viambato vilivyotoka katika utomvu wa mwembe, mti ambao sisi hapa tunaufahamu toka utotoni.

Ugunduzi uliotangazwa zaidi ni wa mwaka 2020. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, pamoja na wenzao, walipima asali za nyuki wasiouma wa Australia na Malaysia. Wakaona kwamba katika kila gramu 100 za asali, gramu kati ya 13 na 44 zilikuwa za sukari adimu iitwayo trehalulosi. Sukari hii ina sehemu mbili zile zile zilizomo katika sukari ya mezani, yaani glukosi na fruktosi, isipokuwa zimefungwa kwa fundo la namna nyingine. Mwili huchukua muda mrefu zaidi kulifungua fundo hilo, na kwa hivyo glukosi huingia katika damu polepole. Kadhalika sukari hii haiozeshi meno kama sukari ya kawaida. Baadaye ilionekana kwamba nyuki wenyewe ndio wanaoitengeneza ndani ya miili yao kutokana na sukari ya maua.

Hapo ndipo yalipozaliwa maneno aliyoambiwa yule kijana wa mtaani kwetu. Habari ya sukari inayoingia katika damu polepole imesafiri kutoka mdomo hadi mdomo, na kila ilipofika imeongezwa chumvi, mpaka imekuwa habari ya asali inayoondoa sukari mwilini. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Trehalulosi nayo ni sukari, na mwishowe huvunjika ikawa glukosi. Tena pamoja nayo asali ina sukari nyingine zinazoingia katika damu kwa haraka. Isitoshe, asali zilizopimwa ni za nyuki wa aina nyingine, waliokula maua mengine, katika nchi nyingine. Hapa kwetu Kenya kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi kubwa juu ya nyuki wasiouma, hasa katika msitu wa Kakamega. Vipimo vya asali za nchini vimeonyesha tofauti kubwa baina ya aina moja ya nyuki na nyingine. Anayesema "asali ya nyuki wasiouma" kana kwamba ni kitu kimoja ni sawa na anayesema "dawa ya miti" bila kutaja mti.

Kutoka sahani ya maabara hadi kitanda cha mgonjwa

Ni vyema tukumbushane namna kiambato cha asili kinavyogeuka kuwa dawa. Tuchukue mfano wa dawa ya malaria inayotumika leo katika zahanati zetu zote. Asili yake ni mmea wa Artemisia annua, ambao Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Bibi Tu Youyou na wenzake waliufanyia kazi, wakakipata kiambato chake chenye nguvu mnamo mwaka 1972. Baada ya hapo ilibidi kijulikane umbo lake, kipimwe kiasi kinachofaa, kijaribiwe kwa wanyama kisha kwa watu, na madhara yake yaandikwe. Mwaka 2015 Bibi Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Wazee wa kale walikuwa wameona kweli, na sayansi ikaitafutia kweli hiyo kipimo chake.

Asali ya nyuki wa kawaida imekwisha kutembea sehemu ya njia hiyo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyokwenda ndani sana hupona mapema kwa siku nne au tano yanapofungwa kwa asali, kuliko yanapofungwa kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Vilevile asali imeonekana kuwapunguzia kikohozi watoto waliopita umri wa mwaka mmoja. Nchini Marekani, bandeji zenye asali ya manuka zilipata idhini ya serikali mwaka 2007. Lakini asali inayotumika hospitalini husafishwa kwanza kwa mionzi ili isibaki na vijidudu, na hilo haliwezekani kufanywa jikoni.

Asali na gundi ya nyuki wasiouma ziko nyuma katika safari hiyo. Kazi nyingi iliyofanywa ni ya sahani za maabara na ya panya, na majaribio ya watu ni machache na madogo. Neno ambalo wataalamu hulitumia ni kwamba vitu hivi vina uwezekano wa kuwa dawa. Uwezekano ni neno la matumaini, na pia ni neno la subira. Bakteria akifa katika sahani hatujajua bado kama atakufa ndani ya mwili wa binadamu, wala kwa kiasi gani, wala mwili utadhurika vipi. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tujitibu tunapougua, na kujitibu ni pamoja na kumwendea mwenye ujuzi wa ugonjwa na kumpa dawa haki yake ya kipimo.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

La kwanza na lililo kubwa kuliko yote ni watoto wachanga. Mtoto aliye chini ya umri wa mwaka mmoja asilambishwe asali ya aina yoyote ile, hata tone. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini katika tumbo changa la mtoto huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hufunga choo, hunyonya kwa udhaifu, shingo hulegea, na pumzi yaweza kukatika. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Tunalisema hili kwa mkazo kwa kuwa ziko nyumba zetu zinazotumia asali katika kumfanyia tahniki mtoto anapozaliwa. Tende ndiyo iliyopokewa katika hadithi sahihi, nayo haikosekani Pwani. Hata hiyo ilainishwe vyema, na aliye na mashaka juu ya afya ya mtoto wake amwulize daktari na sheikhe wake kwa pamoja.

La pili ni wagonjwa wa sukari. Asali hii ihesabiwe kuwa ni tamu kama tamu nyingine yoyote, iingizwe katika hesabu ya chakula cha siku, na isishike mahali pa kidonge wala sindano. Mwenye kutaka kuitumia amwambie daktari wake waziwazi.

La tatu ni wale ambao miili yao hukataa mazao ya nyuki. Gundi na chavua huweza kumletea mtu vipele, uvimbe wa midomo na hata shida ya kupumua. Mtu wa namna hiyo asizitumie kabisa, na aonapo dalili hizo amwendee daktari mara moja.

La nne linahusu uchachu. Asali ya nyuki wa kawaida, kwa kipimo cha kimataifa cha Codex, haitakiwi kuwa na maji zaidi ya asilimia 20. Asali ya nyuki wasiouma aghalabu huwa na maji asilimia 25 hadi 35. Kwa sababu hiyo huchacha kwa wepesi, hasa katika joto la Mombasa, Lamu au Malindi. Iwekwe katika friji, chombo kiwe safi na kikavu, na inapoanza kutoa povu na harufu ya kileo isitumike. Kadhalika, dawa nyingi za matone zinazotokana na gundi ya nyuki hutengenezwa kwa kuiyeyusha gundi hiyo katika spiriti. Ziko zinazotengenezwa kwa maji, mafuta au gliserini. Msomaji asome karatasi ya chupa, na panapo utata awaulize wanazuoni.

La tano ni uaminifu wa soko. Wepesi wa asali hii na uchachu wake ni vya asili, na hapo ndipo mdanganyifu alipopata pazia la kujifichia, kwani akiongeza maji ya sukari mnunuzi hatashtuka. Yale majaribio ya kudondosha asali katika glasi ya maji au kuichoma kwa kiberiti hayafichui ulaghai. Lililo bora ni kununua kwa mfugaji unayemjua, aliye tayari kukuonyesha mizinga yake, kukuambia ni nyuki wa aina gani, alivuna lini, na kama alifyonza asali kutoka katika vijungu au aliyakamua makao yote pamoja na majana na chavua. Nchi ya Malaysia iliona umuhimu wa jambo hili, ikaiwekea asali ya nyuki hawa, ambayo wao huiita kelulut, kiwango chake maalumu mwaka 2017. Na sisi tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka na kukuta unyevu umefichwa chini, akamkemea mwenye bidhaa. Anayemwuzia mgonjwa maji ya sukari kwa jina la dawa amefanya lililo zito zaidi ya hilo.

Mti ukianguka, dawa imekwenda nao

Liko jambo moja zaidi, na kwetu sisi ndilo lililotugusa sana katika uchunguzi huu. Nyuki wa kawaida makao yao yakivunjwa, malkia huweza kuruka pamoja na kundi lake wakatafute mahali pengine. Malkia wa nyuki wasiouma, akishaanza kutaga, mwili wake huwa mzito na hawezi kuruka tena. Kwa hivyo mrina asali anayeukata mti ili apate vikombe viwili vya asali amelimaliza kundi zima, na mti wenyewe, ambao pengine ulichukua miaka mingi kupata shimo la kuwasitiri, hautarudi katika umri wa wanawe.

Na tukikumbuka kwamba nguvu ya gundi inatoka katika utomvu, tutaona kwamba hasara haiishii hapo. Mzinga uliozungukwa na miti ya aina nyingi hupata dawa za aina nyingi. Mzinga uliozungukwa na visiki haupati kitu. Tunao msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi, wenye ukubwa wa yapata kilomita za mraba 420, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Tunazo kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Tunayo mikoko ya Mida na ya Lamu, na miembe na mikanju ya mashambani mwetu. Hayo yote ni ghala la utomvu ambalo wanasayansi wetu, wakiwemo vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi, wanaweza kulichunguza kabla halijatoweka.

Njia ya kuvuna bila kuua ipo. Mfugaji huweka visanduku vidogo vya mbao, huhamishia humo kundi lililokuwa hatarini au hugawa kundi lililostawi, na asali huifyonza kwa bomba safi bila kugusa majana. Kwa kuwa nyuki hawa hawaumi, kazi hii yaweza kufanywa uani na akina mama, wazee na vijana, bila moshi wala mavazi ya kujikinga. Huko Gede mradi wa Kipepeo, tangu mwaka 1993, umewaonyesha majirani wa Arabuko-Sokoke kwamba msitu uliosimama huweza kulisha nyumba kwa mazao ya vipepeo na asali. Nyuki wasiouma wanafaa kuwa sehemu ya riziki ya namna hiyo.

Kumalizia

Turudi kwa yule mama yetu. Tulipokwisha kumsikiliza, tulimwomba ruhusa tuzungumze na binti yake, na siku ya pili yake akampeleka kliniki. Sukari yake ilikuwa imepanda mno. Daktari, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakumkaripia wala hakuicheka asali yake. Alimrudishia vidonge, akamweleza kwamba sukari ya asali ni sukari, na akamwambia akiitamani asali yake aonje kijiko kidogo mara moja moja na akihesabu.

Juma lililofuata tulimkuta amekaa barazani, na kichupa kile kimehamia jikoni. "Nimekiweka pamoja na vyakula," alisema huku akitabasamu. "Vidonge ndivyo vimerudi juu ya kabati."

Tuliona kwamba amekipa kila kitu mahali pake. Ponyo aliyoitaja Mwenyezi Mungu ni haki, na katika kuitafuta tumepewa akili, maabara, matabibu na subira. Nyuki mdogo asiyeuma amefanya kazi yake kwa uaminifu: amekwenda kwenye mti, akachukua tone, akajenga. Lililobaki ni letu sisi, nalo ni kuutunza mti, kuwa wakweli sokoni, na kutomwacha mgonjwa wetu peke yake na kichupa na maneno ya mitaani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, atupe elimu yenye manufaa, na aibariki ardhi yetu na viumbe vyake. Amin. Wallahu aalam.